Moto wa Athens, Moshi wa London

Jumapili ya tarehe 9 Mei 2010, Alistair Darling aliingia katika ukumbi wa mawaziri wa fedha mjini Brussels akiwa waziri wa serikali iliyokwisha kushindwa. Waingereza walikuwa wamepiga kura siku tatu kabla. Chama chake cha Labour kilipata viti 258, Wahafidhina wa David Cameron 306, na Liberal Democrats wa Nick Clegg 57. Wa kutawala peke yake alihitaji viti 326, na hakuna aliyevifikia. Kwa desturi ya Uingereza serikali ya zamani hubaki ofisini mpaka mpya ipatikane, kwa hiyo Darling alikuwa bado waziri wa fedha: mamlaka anayo, uhalali umeshamponyoka. Aliwatafuta kwa simu George Osborne, aliyekuwa akisubiri kurithi kiti chake, na Vince Cable wa Liberal Democrats, akawaeleza jambo analokwenda kukutana nalo.

Jambo lenyewe lilikuwa mfuko wa kuzikinga nchi zinazotumia euro. Wiki moja nyuma Ugiriki ilikuwa imekubaliwa mkopo wa euro bilioni 110, na masoko hayakutulia hata kidogo. Siku moja kabla ya Waingereza kwenda vituoni, watu watatu walikufa ndani ya benki iliyochomwa moto katika maandamano ya Athens, mmoja wao mwanamke mjamzito. Mawaziri walitaka kumaliza kazi kabla soko la Tokyo halijafunguliwa Jumatatu. Hata waziri wa fedha wa Ujerumani, Wolfgang Schäuble, aliugua akapelekwa hospitalini hapo hapo Brussels, ikabidi waziri wa mambo ya ndani, Thomas de Maizière, asafirishwe haraka kuja kushika nafasi yake. Usiku wa manane ulipita. Walipotoka walikuwa na jumla ya euro bilioni 750: bilioni 440 za nchi za euro zenyewe, 250 za Shirika la Fedha la Kimataifa, na 60 zilizodhaminiwa na bajeti ya Umoja wa Ulaya nzima. Hizo 60 zilimgusa Darling, maana Uingereza nayo ilichangia bajeti hiyo. Kwa zile 440 alikataa. Wenye euro waidhamini euro yao.

Saa hizo hizo, London, wajumbe wa Cameron na wa Clegg walikuwa wamejifungia katika jengo la serikali pale Whitehall wakipatana bei. Katibu wa Baraza la Mawaziri, Gus O'Donnell, aliwahimiza wasichelewe kwa sababu masoko yanawatazama. Hawakuchelewa. Tarehe 11 Mei waziri mkuu Gordon Brown alijiuzulu, Cameron akateuliwa kushika nafasi yake, na kesho yake yeye na Clegg walisimama katika bustani ya Downing Street wakitaniana mbele ya kamera kiasi kwamba magazeti yaliyafananisha mambo yale na harusi. Ilikuwa serikali ya kwanza ya mseto tangu ile ya Churchill wakati wa vita.

Kwa nini haraka ile? Jirani yao Ubelgiji ilifanya uchaguzi mwezi mmoja baadaye na ikakaa siku 541 bila serikali kamili. Ubelgiji ilikuwa na deni kubwa kuliko Uingereza na ilikuwa ndani ya euro. Masoko yaliivumilia zaidi ya mwaka kabla ya kuanza kuibana mwishoni mwa 2011. London, yenye pauni yake na benki kuu yake, iliambiwa haiwezi kungoja wiki mbili.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na wanasiasa wa Uingereza wa miaka ile. Ugiriki ilikuwa na balaa la kweli. Uingereza ilikuwa na matatizo ya aina nyingine, ikaazima balaa la Ugiriki kwa kuwa lilitisha zaidi. Serikali ya mseto ilizaliwa kwa hofu ya sarafu isiyo yake, ikabana matumizi kwa jina la hofu hiyo, na mwisho wake ikawaachia njia wale waliotaka kuitoa nchi Ulaya.

Tuanze na Ugiriki yenyewe, maana wengi wameisimulia kama kisa cha wavivu wasiolipa kodi na kuishia hapo. Ni kweli walidanganya. Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilifungua vitabu ikakuta nakisi ya bajeti ni zaidi ya asilimia 12 ya pato la taifa. Ilipohakikiwa baadaye ikapanda hadi zaidi ya 15. Kanuni ya Mkataba wa Maastricht wa 1992 ilikuwa asilimia 3. Lakini kanuni hiyo ilikuwa imeshavunjwa na wakubwa. Mwaka 2003 Ujerumani na Ufaransa ziliivuka, na adhabu zilizoandikwa kwenye karatasi hazikutolewa. Mwenye nyumba akivunja sheria yake mwenyewe, mpangaji ataiheshimu kwa lipi?

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la wakopeshaji. Tangu Ugiriki ilipoingia kwenye euro mwaka 2001, mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yaliikopesha kwa riba iliyokaribia kabisa ile ya Berlin, kana kwamba mkopaji ni yule yule. Fedha zilipoanza kukauka, Mgiriki alitafuta njia ya kawaida ya nchi iliyoelemewa akakuta haipo. Nchi yenye sarafu yake huiacha ishuke thamani: bidhaa zake zinakuwa rahisi kwa wageni, watalii wanamiminika, bei za vitu vya nje zinapanda, na maumivu yanagawanywa kwa wote kimyakimya. Drakma ilikuwa imekwisha kubadilishwa kwa 340.75 kwa euro moja, na mtambo wa sarafu ulikuwa Frankfurt. Kilichobaki ni kushusha mishahara na pensheni zenyewe, kwa amri, moja moja, huku deni likibaki pale pale kwa euro. Uchumi uliporomoka kwa robo nzima. Mwaka 2013 zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wanaotafuta kazi hakuwa nayo. Kwa vijana ilikaribia sita kati ya kumi.

Sasa itazame London ya Mei 2010. Nakisi ilikuwa kubwa kweli, kama asilimia 10 ya pato la taifa, na hakuna mtu mwenye akili aliyesema iachwe. Lakini pauni ilikuwa imeshashuka kwa kama robo tangu 2007. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imenunua hatifungani za thamani ya pauni bilioni 200 kwa fedha iliyoziumba yenyewe. Wawekezaji waliikopesha serikali kwa miaka 10 kwa riba isiyofika asilimia 4, wakati Ugiriki wiki hiyo hiyo ilidaiwa zaidi ya 10. Ukiwaweka hawa wawili kwenye kundi moja, unauza kitu.

Osborne aliuza. Bajeti yake ya dharura ya tarehe 22 Juni 2010 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 17.5 hadi 20 na kupanga makato ambayo Uingereza haikuyaona kwa vizazi viwili, na mfano wa Athens haukumtoka mdomoni. Aliahidi nakisi kuu ingekwisha ndani ya kipindi kimoja cha Bunge. Haikwisha. Mwaka 2013 hata ile alama ya juu kabisa ya ukopaji, aliyosema anailinda kwa makato hayo, iliondoka mikononi mwake. Kwa bahati mbaya yake pia, magazeti yana kumbukumbu: mwaka 2006 alikuwa ameandika kuisifu Ireland kama nchi ambayo Waingereza wangejifunza kwayo namna ya kuendesha uchumi. Novemba 2010 Ireland ilipiga magoti kwa sababu ya mabenki yake, na Osborne huyo huyo akapeleka bungeni sheria ya kuikopesha pauni bilioni 3.25. Kwa mkopo ule simlaumu. Mabenki ya Uingereza yalikuwa yamezama kule mpaka shingoni, na majirani wa Belfast wanatumia masoko yale yale.

Nikiri kwamba kisa hiki cha sarafu moja kinatuhusu pia Afrika Mashariki, si kwa mfano wa mbali. Tarehe 30 Novemba 2013, Ulaya ikiwa bado inafunga vidonda, marais wa jumuiya yetu walitia saini mjini Kampala itifaki ya umoja wa fedha, sarafu moja ije 2024. Ndani yake mna nakisi isiyozidi asilimia 3, namba ile ile ya Maastricht, na deni lisilozidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa. Mwaka 2024 ulifika hakuna sarafu, na lengo likasogezwa hadi 2031. Sioni aibu katika kuchelewa huko. Swali ambalo Ulaya ililikwepa tangu 1992 ndilo gumu: nchi mwanachama ikifilisika, nani analipa, na bunge la nani litaidhinisha? Mkenya atakubali kodi yake imkomboe Mrundi? Mtanzania je? Mpaka swali hilo lijibiwe kwa maandishi, asilimia 3 ni pambo.

Turudi kwa Clegg, ambaye kwangu ndiye mhusika wa kusikitikiwa na kulaumiwa kwa pamoja. Alikuwa Mwingereza wa Ulaya kuliko wote: mama Mholanzi, mke Mhispania, lugha tano, kazi katika Tume ya Ulaya kisha ubunge wa Bunge la Ulaya. Katika kampeni chama chake kilipinga kukata matumizi mwaka ule ule wa 2010, kwa hoja kwamba uchumi ulikuwa bado dhaifu. Wiki mbili baada ya kuundwa, serikali yake ilitangaza kukata pauni bilioni 6.2. Alipoulizwa, alitaja mtikisiko wa Ulaya. Ugiriki ikawa udhuru wa kila mtu.

Wakenya, walioishi na serikali ya mseto kuanzia 2008 hadi 2013, wana jina la mambo haya: nusu mkate. Clegg alipata viti vitano vya baraza la mawaziri na cheo cha naibu waziri mkuu, lakini hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu vikubwa, yaani fedha, mambo ya nje na mambo ya ndani. Mtu wake Danny Alexander aliwekwa chini ya Osborne katika wizara ya fedha, na muda si mrefu ilikuwa vigumu kutofautisha kauli za wawili hao. Cable alipewa wizara ya biashara, na ndani ya wizara hiyo, kama mtego uliofunikwa majani, mlikuwa na vyuo vikuu.

Wagombea wa Liberal Democrats walikuwa wamejipiga picha wakiwa wameshika karatasi walizotia saini, wakiahidi kupinga nyongeza yoyote ya ada ya vyuo. Tarehe 9 Desemba 2010 Bunge lilipandisha ukomo wa ada kutoka pauni 3,290 hadi 9,000 kwa mwaka. Hoja ilipita kwa kura 323 dhidi ya 302. Wabunge 21 wa Clegg waliikataa. Wengi wa waliobaki, pamoja na yeye, wakaiunga mkono. Nje wanafunzi walikuwa wamezingirwa na polisi kwenye baridi, na jioni ile gari lililombeba mwanamfalme Charles na mkewe lilishambuliwa Regent Street. Clegg aliomba radhi kwa video miaka miwili baadaye. Mtu akaitia muziki, ikauzwa kama wimbo.

Kuna mambo aliyoyapata, na haki yake apewe. Kipato kisichotozwa kodi kilipanda kutoka pauni 6,475 hadi 10,000, na wafanyakazi wengi wa kima cha chini walinufaika. Lakini tunda alilolitaka hasa lilikuwa kubadili mfumo wa kupiga kura, na kura ya maoni ya Mei 2011 ilimrudisha mikono mitupu: asilimia 68 walisema hapana, huku washirika wake Wahafidhina wakiongoza kampeni ya kumwangusha.

Sasa tuisikilize Brussels tena, alfajiri ya tarehe 9 Desemba 2011. Angela Merkel wa Ujerumani na Nicolas Sarkozy wa Ufaransa walitaka mkataba mpya wa kubana bajeti za nchi zote. Cameron alidai kwanza ulinzi maalumu kwa soko la fedha la London. Walipomkatalia, akapiga kura ya turufu. Nyumbani wabunge wake walimpokea kama mshindi. Lakini turufu ile ilizuia nini? Wenzake walihamia chumba cha pili, wakaandika mkataba wao nje ya utaratibu wa Umoja, na Machi 2012 nchi 25 kati ya 27 zikatia saini. Clegg alikubali kwa simu usiku ule, akageuka mwishoni mwa wiki, na Jumatatu Cameron alipotoa taarifa bungeni kiti cha naibu wake kilikuwa kitupu.

Kumwelewa Cameron wa usiku ule, rudi nyuma hadi tarehe 16 Septemba 1992. Siku hiyo serikali ilihangaika kuizuia pauni isitoke kwenye utaratibu wa viwango vya kubadilishia fedha vya Ulaya. Riba ilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 12, ikatangazwa itakuwa 15 kesho yake, lakini mwekezaji George Soros na wenzake waliendelea kuiuza pauni. Jioni waziri wa fedha Norman Lamont alitoka nje kutangaza kushindwa. Nyuma yake, kwenye picha za televisheni, amesimama msaidizi wa miaka 25 mwenye uso mchanga: David Cameron. Hazina ilipoteza kama pauni bilioni 3.3, kisha uchumi ukapona upesi kuliko ilivyotabiriwa. Kizazi kizima cha Wahafidhina kilijifunza hapo kwamba kuachana na Ulaya hulipa. Gordon Brown naye alijifunza kitu. Masharti yake matano ya 1997, na jibu lake la "bado" mwaka 2003, ndiyo yaliyoizuia Uingereza kuingia kwenye euro kinyume cha matamanio ya Tony Blair. Waliomng'oa Brown mwaka 2010 kwa kisingizio cha Ugiriki walikuwa wamekalia uhuru wa pauni aliowaachia yeye.

Kuna kejeli mbili ambazo mwandishi wa riwaya asingethubutu kuzibuni. Ya kwanza: euro iliokolewa London. Tarehe 26 Julai 2012, siku moja kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, Mario Draghi, rais wa Benki Kuu ya Ulaya wakati huo, alizungumza na wawekezaji katika Lancaster House na kusema benki yake, ndani ya mamlaka yake, itafanya lolote linalohitajika kuihifadhi sarafu hiyo. Riba za Hispania, zilizokuwa juu ya asilimia 7, zilianza kushuka. Mpango wa kununua hatifungani uliotangazwa Septemba kutekeleza kauli ile haukuwahi kutumia hata senti moja. Mgiriki aliyekuwa amekatwa pensheni mara kadhaa ana haki ya kuuliza maneno hayo yalikuwa wapi miaka miwili yote.

Ya pili ni ya Machi 2013, zamu ya Cyprus. Wakopeshaji walitaka hata wenye akiba ndogo benki wakatwe asilimia 6.75. Mabenki yalifungwa, na tarehe 19 Bunge la Nicosia liliukataa mpango huo bila mbunge hata mmoja kuuunga mkono. Uingereza ina kambi mbili za kijeshi kisiwani, na askari wake kule hununua mkate kwa euro. Siku hiyo hiyo ndege ya jeshi la anga iliruka kutoka Uingereza ikiwa imebeba euro milioni 1 taslimu, isije mitambo ya fedha ikakauka. Serikali iliyojisifu kwa kukaa mbali na euro ilikuwa ikiisafirisha kwa ndege ya jeshi.

Nyumbani, wabunge 81 wa Cameron walikuwa wamemwasi Oktoba 2011 wakidai kura ya maoni juu ya Ulaya. Januari 2013 aliwaahidi. Mei 2014 UKIP, chama kilichotaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, kiliongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Mei 2015 Wahafidhina walipata viti 331, na Liberal Democrats wakaanguka kutoka 57 hadi 8. Cable na Alexander walipoteza viti vyao. Walikuwa na wenzao. FDP, mshirika mdogo wa Merkel, ilitupwa nje ya Bunge la Ujerumani 2013, kwa mara ya kwanza tangu 1949. Labour ya Ireland ilitoka viti 37 ikaja 7. PASOK ya Papandreou, iliyoishia kuwa mshirika mdogo, ilishuka kutoka karibu asilimia 44 ya kura hadi chini ya 5. Ulaya nzima, mshirika mdogo aliyeshika kisu cha makato alikatwa yeye kwanza. Mkubwa, mara nyingi, alibaki.

Ila kwa Cameron kubaki peke yake ndiko kulikomponza. Donald Tusk, aliyekuwa rais wa Baraza la Ulaya, alisimulia mwaka 2019 kwamba Cameron alimweleza hakuona hatari katika ahadi ya kura ya maoni, kwa kuwa aliamini mshirika wake wa mseto angeizuia. Mshirika alikuwa amekwisha. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua kutoka.

Wataalamu wa London waliotumia miaka mitano kutabiri ni lini Ugiriki itatoka walikuwa wakitazama nchi isiyo sahihi. Ugiriki ilimaliza mpango wake wa mwisho wa mikopo tarehe 20 Agosti 2018, ikiwa bado inatumia euro. Uingereza iliondoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020.